Neno Operesheni Nyumbani Kwetu

Jumatatu, 2 Septemba 1974

Mwadila, nakuamkia kwa Kisukuma, daftari langu. Hujambo? Habari za tangu wiki ile? Nimekuacha darini siku nyingi, panya wamekutafuna pembe moja, unisamehe. Mimi ni mzima kwa neema ya Mungu. Baba Nkwimba, mume wangu, si mzima. Ndiyo habari yenyewe.

Nimekamua. Maziwa kidogo, malisho yamekwisha. Hata ngitili yetu, lile eneo tunalolifunga lisilishwe mpaka kiangazi, imebaki vumbi. Nimetwanga mtama. Nimegeuza michembe, viazi vya kukausha, juani. Mume wangu amekunywa uji kidogo, uliobaki akamwachia mbwa akidhani sioni.

Uvimbe tumboni mwake sasa ni kama kichwa cha mtoto. Unaonekana hata akiwa amejifunika shuka.

Asubuhi mganga wa zahanati alipita na baiskeli. Hospitali ya misheni wamekubali kumpokea, apelekwe wiki ya tatu ya mwezi huu. Atafanyiwa operesheni. Jioni akapita balozi wetu wa nyumba kumi, Nkuba. Watu wote wa huku tutahamishwa kwa lori, tukakae pamoja kando ya barabara kwenye kijiji kipya. Naye akasema ni operesheni. Mume wangu alicheka mpaka akashika ubavu.

"Nkuba, wewe na daktari mmekula kiapo?"

Nkuba hakucheka. Alisema atakayebaki nyuma asije akamlaumu mtu.

Naogopa kisu. Naogopa na lori. Nimesali. Woga haujatoka.

Jumatano, 4 Septemba

Neno limeenea kama upupu. Kwenye redio ya Luhende, mdogo wake mume wangu, wanasema operesheni ya majeshi ya nchi fulani huko mbali. Watoto wanacheza operesheni: mmoja dereva, wengine mizigo. Jirani amejifungua mtoto wa kiume, wamemwita Operesheni. Kisimani wanawake wananyoana nywele, nikauliza kuna nini, wakasema, shikamoo mama, leo ni operesheni chawa.

Mimi mwenyewe nimemtishia jogoo aliyekuwa anadonoa mtama wangu kwamba nitamfanyia operesheni. Halafu nikamkumbuka mume wangu. Nimejisikia vibaya mpaka sasa.

Jumapili, 8 Septemba

Ibada. Nimeliombea tumbo lake.

Baada ya ibada nimemwuliza mwalimu wa shule, kijana wa kutoka Moshi, mpole, neno hili kwa Kiingereza maana yake hasa ni nini. Akaleta kamusi yake, tukakaa kwenye ngazi za kanisa, akasoma huku akinieleza. Kumpasua mgonjwa. Kuendesha mashine. Kazi ya askari vitani. Biashara inavyokwenda. Hesabu nazo, kujumlisha na kutoa, zinaitwa hivyo hivyo. Sheria ikianza kutumika, hivyo hivyo. Nilidhani amemaliza, kumbe bado anafunua. Mwishoni akasema, mama, chanzo chake ni kazi tu. Kufanya kazi.

Nimemweleza mume wangu. Alisikiliza amelala ubavu kwenye ngozi yake ya ng'ombe.

"Wazungu maskini kumbe," akasema. "Wana neno moja wanalituma kila mahali kama punda wa kuazima."

Nimecheka mpaka machozi. Siku nyingi sijacheka naye.

Halafu akasema kazi nyingine zote tangu amezaliwa huwa mtu anaulizwa kwanza kama ana nafasi.

Alhamisi, 12 Septemba

Luhende amekwenda kukiona kijiji kipya. Kamba zimevutwa kuanzia barabarani kuelekea porini. Kila nyumba ina kiwanja chake kwenye mstari, mlango utazame barabara. Ng'ombe wa watu wote watalala zizi moja, nje ya kijiji. Makaburi nayo yametengewa mahali pake, mwisho kabisa, nayo kwa mistari.

Kwenye makaburi hapo mume wangu akainuka akakaa, na tumbo lake vile vile.

Niandike jambo hili vizuri. Katika ukoo wao mwenye mji, yaani mkuu wa kaya, hazikwi nje. Anazikwa ndani ya zizi lake. Ng'ombe wake wanalala juu yake, wanamkanyaga kila siku mpaka udongo unakuwa sawa na kaburi halionekani tena. Hawaweki msalaba, hawaweki jiwe. Babu yake yumo humo. Baba yake yumo, upande wa lango. Asubuhi akifungulia ng'ombe huwa anasimama langoni kidogo. Mimi Mkristo nimekaa naye miaka yote hii, sijawahi kumwuliza anasimamia nini. Najua. Yeye naye hajawahi kuniuliza ninasema nini nikipiga magoti. Tumeishi vizuri kwa namna hiyo.

Hajabatizwa. Ndiyo huzuni yangu kubwa kuliko zote. Naiandika hapa, kwa mtu siisemi.

Jumanne, 17 Septemba

Tumefika hospitali. Lori la pamba lilituchukua. Dereva alimlaza juu ya magunia, pahali laini kuliko kitanda chetu, mume wangu akasema, kumbe pamba niliyoilima maisha yangu yote nilikuwa natandika hapa.

Tulipita Bariadi. Njiani watu wamebeba milango kichwani. Mzee mmoja amebeba mlango, mkewe nyuma amebeba fremu yake. Nyumba haipo, mlango upo. Sikuweza kuwatazama sana.

Wodi ina harufu ya dawa na ya watu. Mimi nalala chini ya kitanda chake. Ni pazuri.

Ijumaa, 20 Septemba

Wamempasua leo.

Nilikaa barazani na wanawake wengine. Mmoja wa kutoka Nyashimo, mwanawe naye yuko ndani, akaniuliza, mayu, mama yangu, wako naye ni operesheni? Nikasema ndiyo, ndani na nje. Akaelewa. Akasema kwao walihamishwa mwezi uliopita, mpaka leo akitoka usiku kwenda haja anapotea, nyumba zote zinafanana.

Walimtoa upesi. Nilifurahi. Nilidhani upesi ni heri.

Daktari alisema na muuguzi, muuguzi akaniambia mimi. Walimfungua, wakaona ugonjwa umeshika ini lote, wakamshona. Hawakutoa kitu. Akasema operesheni yenyewe imekwenda salama. Nikamshukuru. Nimemshukuru mtu kwa habari hiyo, mdomo wangu ulikuwa unakwenda peke yake.

Nimekaa nyuma ya jiko la hospitali nikalia mpaka mpishi akaniletea chai.

Jumamosi, 21 Septemba

Ameamka. Ameuliza wametoa nini. Nimesema, pumzika kwanza.

Jumatatu, 23 Septemba

Ameshajua. Hakuambiwa na mtu. Alijipapasa, uvimbe upo, mshono upo juu yake.

Mwinjilisti wetu alikuja kuwaona wagonjwa. Mtu mwema, anatembea kwa miguu mbali sana kwa kazi ya Bwana. Akamwuliza kwa upole kama yuko tayari kwa ubatizo. Mume wangu akamjibu kwa heshima.

"Mwinjilisti, nikibatizwa mimi, ng'ombe wangu watabaki wapagani. Si vizuri kugawa familia."

Wagonjwa walicheka wodi nzima. Mwinjilisti naye alicheka. Akamwuliza tena. Mara hii mume wangu alisema bila mzaha: "Baba yangu atanitafuta zizini. Asiponiona atamwuliza nani?"

Mwinjilisti akamwekea mkono kichwani, akaomba, akaondoka.

Tulipobaki wawili akanishika mkono. Mama Nkwimba, akasema, usinilaze kwenye mstari. Nilaze zizini kwetu karibu na baba. Nikasema sawa. Akasema, si sawa ya kunituliza. Nikasema, nimeahidi. Nimeahidi mbele za Mungu, na Mungu ninayemwahidia si wa zizini. Sijui nimefanya nini. Nimeahidi.

Alhamisi, 26 Septemba

Luhende amekuja na baiskeli, mweupe kwa vumbi. Lori la operesheni limefika kwetu. Vyombo vimehamishwa, kuku wawili wamekufa njiani kwa kubanwa. Nyumba imeezuliwa nyasi ili mtu asirudi. Alipokuwa anaeleza hakunitazama.

Ng'ombe ni salama. Aliwaswaga mwenyewe.

Alikuwa na swali moja. Kijiji kipya hakina miti, watu wanagombania fito. Magogo ya zizi letu ni ya zamani, magumu, mchwa hawayawezi. Lori litapita mara ya mwisho Jumamosi. Ayang'oe ayapeleke, au ayaache? Mume wangu amelala, sikumwamsha. Nikasema yang'oe yote, na ya lango pia, ukiyaacha watu watayachoma kuni. Luhende akasema, hata mimi nimeona hivyo.

Ndivyo kila mtu wa kwetu angefanya. Mtu akihama haachi magogo ya zizi. Anaacha nyumba.

Jumanne, 1 Oktoba

Wameturuhusu. Muuguzi alisema mgonjwa akapumzike nyumbani. Neno nyumbani alilisema vizuri, kwa huruma.

Lori lililotupakia lilikuwa la operesheni, lilikuja hospitali kuleta mtu aliyeangukiwa na mti. Mume wangu alimwomba dereva apite kwetu kwa zamani, amteremshe pale. Dereva kijana, hana ubaya.

"Mzee wangu, hili lori linatoa watu huko, halirudishi. Nikionekana nimerudisha mtu, mimi ndiye nitakayefanyiwa operesheni."

Mume wangu akasema, basi tupeleke.

Nyumba yetu mpya ni kibanda cha nyasi. Mstari wa tatu. Upande huu jirani, upande huu jirani, mbele barabara. Luhende ametujengea vizuri kadiri ya uwezo wake. Jioni sikusikia ng'ombe. Wako mbali. Mume wangu aliuliza mara kadhaa, mbona kimya hivi.

Ijumaa, 4 Oktoba

Nkuba sasa ana kipaza sauti cha bati. Operesheni usafi, kila mtu afagie mbele ya mlango. Operesheni vyoo. Operesheni mihogo. Jana kulikuwa na operesheni mbwa, mbwa wetu hayupo. Mume wangu hakuambiwa. Anadhani anazurura.

Chakula hakikai tumboni. Nampa maji ya mtama kwa kijiko. Macho yake yamekuwa ya njano. Leo aliniuliza, zizi liko namna gani? Nikasema liko. Akauliza nani anaenda kuliangalia? Nikasema nitakwenda mimi. Ndipo nikakumbuka magogo. Nikajiambia, ardhi haing'olewi, ardhi ipo pale pale.

Nimekwenda kwa Nkuba kuomba ruhusa. Nimemwambia wazi: mume wangu akifa nataka nimzike kwetu kwa zamani. Nkuba si mnyama. Alijikuna, akasema kwanza bado hajafa, dada yangu, tusimzike kwa mdomo. Pili atauliza kwa wakubwa. Tatu ningeweza kwenda kuangalia mahali penyewe pako namna gani. Alivyoisema hiyo ya tatu sikuipenda.

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimekwenda na Luhende. Tulianza alfajiri, nikamwacha mgonjwa na mke wake Luhende.

Nyumba tuliiona. Kuta zimesimama, ndani jua. Nikapita mlango ambao haupo. Mafiga yangu yapo.

Zizi hatukuliona.

Trekta limelima. Shamba la pamba la kijiji, limeanzia pale pale. Luhende akashika kichwa. Kulikuwa na mtu amelala chini ya trekta anafunga bolti, mgeni, mstaarabu, akatuamkia. Nikamwuliza mbona ameanzia hapa. Akasema, mama, udongo wa hapa ni mweusi, ni mbolea tupu, hata anayeanza kazi leo angeanzia hapa. Nikamwuliza hakuona kuwa ni zizi? Akasema zizi lina uzio. Hapa palikuwa wazi.

Palikuwa wazi. Mimi ndiye niliyesema yang'oe yote.

Luhende ndiye aliyemzika baba yao, yeye na mume wangu. Akasema tutafute lango, baba yuko kushoto kwa lango. Akatembea huku, akatembea huku. Akasema ni hapa. Akasema hapana, ni pale. Lango ndilo tulilokuwa tunapimia, na lango liko kijijini, limezuia mbuzi wa jirani. Matuta yote yamelala upande mmoja, marefu, meusi, yamenyooka. Mwanamume mzima akakaa chini kwenye matuta akalia kwa sauti. Yule wa trekta akazima sigara yake, akavua kofia. Hakujua amekosa nini, tulimwambia hakukosa.

Hata ningepewa ruhusa na dunia nzima, sina pa kumlaza. Nikimchimbia pale naweza kumpiga jembe baba yake kichwani.

Tumerudi jioni.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimemwambia. Luhende alitaka tufiche. Nimeona siwezi kumdanganya mtu anayeondoka.

Nilimwambia yote, na ya magogo, kwamba nilisema mimi. Alitazama nyasi za paa muda mrefu.

"Basi na baba naye amefanyiwa operesheni," akasema.

Nikangoja acheke. Hakucheka. Akageukia ukutani.

Jumatano, 9 Oktoba

Hasemi nami. Anapokea maji, anafumba macho. Si hasira, ningeijua hasira yake. Ni kama mtu aliyekwisha kuhama.

Nimeomba sana leo. Nimeomba hasira, angalau anigombeze.

Ijumaa, 11 Oktoba

Mwinjilisti amekuja. Mume wangu hajitambui tangu asubuhi. Anapumua kwa mdomo.

Mwinjilisti alikuwa na chupa ya maji. Akasema, dada katika Bwana, muda ni mfupi, tumwagie, Mungu ataangalia moyo wako wewe mkewe. Nilikwisha kuinuka nikamshika mume wangu kichwa kimwelekee. Nimelitamani jambo hili tangu nimeolewa. Nimelifungia chakula. Nimelililia.

Nikasema hapana.

Sijui lilitoka wapi. Nikamwambia, akiwa macho alikwambia hapana, na wewe ulicheka naye. Wote wamemchukua bila kumwuliza. Hospitali angalau walimwuliza. Sitaki na kanisa langu liwe lori.

Mwinjilisti hakukasirika. Aliniangalia kwa woga, kama mtu anayemwona mwenzake anaingia mtoni. Akasema, umelibeba mwenyewe. Nikasema ndiyo. Akaomba, akaenda na chupa yake.

Nimekaa na mume wangu. Nimemsimulia ng'ombe, mmoja mmoja kwa jina. Yule mweusi ana mimba. Sijui kama amesikia.

Jumamosi, 12 Oktoba

Amefariki asubuhi, wakati Nkuba anatangaza kufagia.

Jumapili, 13 Oktoba

Tumemzika mwisho wa mistari. Kamba ilivutwa ili kaburi linyooke na la mwenzake, mtoto aliyekufa kwa homa juzi. Nkuba aliivuta yeye mwenyewe, kwa heshima, kofia mkononi. Alipoona namtazama akasema, dada yangu, ndivyo tulivyoambiwa.

Nkwimba, binti yetu, amefika kutoka Nyashimo watu wanamalizia udongo. Aliuliza, mbona baba yuko huku? Luhende alimshika akamtembeza pembeni.

Kwa kuwa hakubatizwa mwinjilisti hakuweza kuongoza ibada. Alisimama nyuma ya watu wengine kama jirani tu. Wazee wa ukoo nao hawakufanya ya kwao, kwa kuwa hapakuwa na zizi wala ng'ombe. Kila upande uliusubiri mwenzake. Mwishoni watu walirudisha udongo, wakanawa, wakaondoka.

Nimevunja ahadi. Sina namna nyingine ya kuiandika.

Jumanne, 15 Oktoba

Watu wanakuja kutoa pole. Wananikuta nafagia. Nafagia sana.

Nkwimba anataka nihamie kwake. Nimekataa. Akiniuliza kwa nini nasema ng'ombe mweusi anakaribia kuzaa. Akasema, mama, ng'ombe ana watu wa kumwangalia, wewe huna. Ni kweli.

Usingizi hauji. Nikiupata naota niko kwenye matuta natafuta lango.

Jumatano, 23 Oktoba

Mvua imenyesha usiku, ya kwanza. Harufu ya udongo ni ile ile ya kule.

Nimekwenda kukamua kwenye zizi la wote, nikarudi na kibuyu. Nimetwanga. Nimefagia mbele ya mlango. Nkwimba amerudi kwa mume wake. Luhende amekwenda kulima pamba ya kijiji, leo ni zamu ya mstari wetu. Amesema atajaribu kushika upande mwingine wa shamba, asikanyage kule.

Nilisoma Neno la Mungu mpaka macho yakachoka. Sikuona pa kushika. Nimepiga magoti, maneno hayakuja, nikaona niyaandike, labda kwenye karatasi yatatoka.

Bwana, ni mimi. Hujambo najua, wewe hujambo siku zote. Nina swali moja. Kwa baba zake hakufika, hapakuwa na mlango wa kuingilia. Kwako sikuruhusu aletwe akiwa amelala. Kule kwenye mstari najua hayupo, hakupapenda. Yuko wapi?

Sikuulizi ili nikugombeze. Nataka kujua tu, nijue nikimwombea nielekee upande gani.

Nijibu, tafadhali. Usikawie.